Ukuta wa Warithi: Chokaa, Wakfu na Swali la Ukarabati katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mwaka juzi, mvua za masika zilipokwisha, ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu babu yangu, Malindi ya Unguja, uliachana na dari. Picha tuliyotumiwa ilionesha ufa wa kuingia kiganja, na ndani yake ncha za boriti tatu zilizooza hata zikafanana na tumbaku. Iliwafikia warithi wote siku ile ile: walioko Unguja na Dar es Salaam, walioko Maskati, Leicester na Toronto. Kabla ya magharibi kuingia, maneno ya huruma yalikwisha, likabaki swali moja, nalo liliulizwa na mtoto wa ami yangu wa Leicester, ambaye ni mhasibu: nyumba hii inafaa kutengenezwa, au haifai?

Niliachiwa mimi nijibu, kwa kuwa ndiye ninayesomesha historia, kana kwamba historia ni tawi la uashi. Walitarajia niseme inafaa. Watu wa fani yangu hudhaniwa kukipenda kila kilicho kikuukuu. Nami nilikuwa tayari kusema hivyo, ila nilipoanza kuandika sababu zangu niliona kwamba hakuna hata moja iliyomjibu mwenzangu. Mimi nilikuwa nikieleza uzuri wa nyumba; yeye alikuwa akiuliza nani atalipa, na mpaka lini. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na ukuta wenyewe, kwa sababu mjadala wa nyumba kongwe mara nyingi huendeshwa na watu wasiojua zimejengwa kwa kitu gani. Nyumba nyingi tunazoziona leo katika Mji Mkongwe ni za karne ya 19, ingawa zimerithi ada ya ujenzi wa mawe iliyoenea pwani nzima, tangu Lamu hadi Kilwa, karne nyingi kabla yake. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe nayo ni matumbawe: huchomwa katika tanuu ya magogo, huzimwa kwa maji, kisha huachwa shimoni miezi kadhaa ilainike. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haupati urefu wa kutosha, vyumba huwa virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Nikiwa mtoto nilidhani babu alipenda vyumba vyembamba. Kumbe aliyeamua ni mti. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha hupigwa kwa vibao siku nyingi mpaka ishikane. Huko ndiko kusakifu, kazi iliyokuwa na nyimbo zake.

Jengo la namna hii halina siku ya kukamilika. Chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka, na kila msimu hupoteza ngozi yake kidogo. Waliokaa ndani ya nyumba hizi walijua kwamba baada ya masika kuna kupaka, kuna kutomea penye mawe yaliyolegea, kuna kuangalia boriti ipi imeanza kushuka. Sidhani kama waliona wanatengeneza kitu kilichoharibika. Ilikuwa sehemu ya kukaa nyumbani, kama kufagia ua.

Saruji ilibadilisha haya yote, na ilipokelewa kwa furaha. Ni ngumu, hukauka haraka, na anayeitumia hutumaini kwamba hatarudi tena. Lakini saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na unaopenya katika nyufa hufungiwa ndani ya ukuta. Chumvi huganda nyuma ya lipu. Na maji hutafuta pa kutulia, nayo hutulia penye ncha ya boriti, ndani ya jiwe, mahali ambapo jicho halifiki. Mzee fundi aliyeufungua ukuta wetu alikuta lipu ya saruji ya unene wa vidole viwili. Shangazi, ambaye ndiye anayeishi katika nyumba ile mpaka leo, aliitambua mara moja. Ilipigwa mwaka 1986, mara tu milango ya biashara ilipofunguliwa na saruji ikaanza kupatikana, kwa fedha za baba yangu kutoka Maskati. Baba alijivunia lipu ile mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akituambia kwamba yeye peke yake, katika watoto wote wa babu, ndiye aliyeitengeneza nyumba.

Sikuwaambia ndugu zangu habari hii kwa muda.

Ushauri tuliopata ulikuwa wa namna mbili. Mhandisi mmoja alishauri sehemu ya nyuma ibomolewe na ijengwe upya kwa zege na nondo, kazi moja, gharama moja, basi. Mzee fundi alisema saruji yote ikwanguliwe, boriti kumi na moja zibadilishwe, ukuta ufungwe kwa chokaa. Makadirio yake yalikuwa madogo kuliko ya mhandisi, lakini aliongeza sharti ambalo mhasibu wetu alilinasa papo hapo: kwamba lazima arudi kila masika yakimalizika, yeye au mwanafunzi wake, na kila akirudi alipwe. Methali yetu ya ufa na ukuta inajulikana na kila mtu, nayo ilitajwa kwenye kundi letu la simu mara zisizopungua nne. Methali ile inamsemesha mtu mwenye ukuta. Ukuta wetu una warithi 23. Sehemu yangu mimi, kwa hesabu ya kadhi, ni 7 katika 80, nami nina nafuu. Wako ambao sehemu zao haziwezi kununua hata boriti moja.

Ni rahisi kudhani kwamba wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, kwamba wao walitunza kila kitu. Historia haioneshi hivyo. Watawala wa Zanzibar walikuwa mahodari wa kuacha nyumba. Seyyid Said alikaa Mtoni. Mwanawe Majid akaanzisha mji mpya Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 nduguye Barghash akaupa mgongo. Barghash naye akajenga vya kwake: Marhubi, Chukwani, na mwaka 1883 Beit el-Ajaib. Kasri la Marhubi liliungua mwaka 1899, na hakuna aliyeona haja ya kulisimamisha tena. Nguzo zake bado zipo, kando ya barabara ya kaskazini, na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba zingelipaswa kuezekwa. Kuacha, basi, nako ni ada yetu. Kila kizazi kilichagua, na kilichokuwa na fedha kilipendelea kujenga kipya.

Lakini palikuwa na majengo ambayo hayakuachiwa hiari ya kizazi, nayo ni majengo ya wakfu. Sehemu kubwa ya mali ya Mji Mkongwe ilikuwa wakfu: misikiti, bila shaka, lakini pia maduka, mashamba na nyumba za kupangisha ambazo mapato yake yaliutunza msikiti fulani, au kuwakimu mafukara, au kuwafaa dhuria wa aliyeuweka. Wasomi wetu wengi hutazama wakfu kama mlango wa thawabu na huishia hapo. Mimi navutiwa zaidi na kanuni moja ya fiqhi ambayo wanazuoni wengi wameikubali: kwamba mapato ya wakfu hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe, na ndipo kinachobaki kiwafikie wanaostahiki. Hata kama wanaostahiki ni maskini, paa hutangulia. Kanuni hii inaonekana kavu, lakini ndiyo iliyojibu swali la mtoto wa ami yangu karne nyingi kabla hajaliuliza. Hapakuwa na haja ya warithi kukutana kila baada ya mvua na kupiga kura kama nyumba inafaa. Jambo lilikwisha kuamuliwa na mtu mmoja, katika hati moja, siku alipokuwa bado mzima na mwenye mali.

Waingereza waliuona uzito wa mali hii, na mapema katika karne ya 20 waliiweka wakfu chini ya kamisheni ya serikali. Hapo ndipo uamuzi wa ukarabati ulipoanza kuhama kutoka mtaani kwenda ofisini. Sitaki kusema mengi kuhusu kamisheni ile. Ilikuwa na watendaji wazuri na wabaya kama ofisi yoyote. La muhimu kwetu ni kwamba wakfu huishi kwa kodi, na kodi ikishuka chini ya bei ya chokaa, hati nzuri kuliko zote haiwezi kubadilisha boriti.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kodi ilishuka kweli. Nyumba nyingi za waliokimbia na za waliohesabiwa kuwa mabwana zilitaifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikaingizwa ndani, mara nyingi familia tatu au nne katika nyumba iliyojengewa moja, kwa kodi ndogo sana. Majiko na vyoo viliongezwa ghorofani, na maji yake yakapita palepale penye boriti. Wakati huohuo serikali ilielekeza nguvu zake Michenzani, kwenye majumba marefu ya ghorofa yaliyoanzwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Nawajua wenzetu wengi wa ughaibuni wanaosema kwamba Mji Mkongwe uliachwa ubomoke kwa makusudi na kwa chuki. Sitaki kuwanyang'anya uchungu wao. Katika familia yangu pia uchungu huo upo. Lakini kwa mtu aliyelala miaka yote katika kibanda cha udongo, bafu la Michenzani lenye maji ya bomba lilikuwa haki iliyochelewa, na serikali yenye fungu dogo iliyochagua kujenga bafu hilo badala ya kupaka chokaa jumba la tajiri aliyehama haikufanya uamuzi wa kipumbavu. Na mpangaji wa chumba kimoja angefanya nini kuhusu paa? Alikuwa na haki ya kulala chini yake. Hakuwa na haki ya kuligusa.

Nami huwauliza wenzangu hao: je, zile nyumba ambazo hazikutaifishwa, ambazo wenyewe walibaki na hati zao mifukoni Maskati, Dubai na London, zilikuwa na hali bora? Yetu haikutaifishwa, kwa sababu bibi hakutoka ndani yake. Hali yake nimekwisha kuieleza.

Kipindi kinachofuata nitakipita kwa haraka, kwani kimeandikwa sana. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Orodha ya mwaka 1992 ilihesabu majengo zaidi ya 1,700, na wingi wake yalionekana kuwa katika hali ya kuchakaa. Mpango wa uhifadhi ulifuata mwaka 1994, ukisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao pia ulilikarabati jengo la Zahanati Kongwe pale ufukweni. Baadhi ya nyumba za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzitengeneza. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Utalii ukawa ndio mlipaji. Mambo Msiige, nyumba ambayo watu husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, imekuwa sehemu ya hoteli ya kimataifa tangu mwaka 2015, baada ya mvutano na UNESCO kuhusu jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake.

Hoteli ni jibu, lazima tukubali. Hoteli hurudi na chokaa kila mwaka, kwa sababu mgeni hatalala chini ya dari inayomwaga vumbi. Kasoro yake ni kwamba hutengeneza kile kinachopigwa picha. Mwaka jana alikuja mtu nyumbani kwetu akitaka kuununua mlango. Si nyumba, mlango. Ni wa mvule, wenye nakshi ya minyororo na samaki, na fremu yake imeshikana na ukuta kiasi kwamba huwezi kuung'oa bila kuangusha sehemu ya mbele. Bei aliyotaja ilikaribia makadirio yote ya mzee fundi. Huko Leicester bei hiyo ilionekana kama muujiza: tuuze mlango, tutengeneze nyumba. Shangazi alimuuliza mnunuzi kama atamletea pazia.

Wanaotaka mfano wa jengo ambalo kila mtu alikubali kwamba linafaa, basi ni Beit el-Ajaib. Hapajawahi kuwa na mtu aliyeuliza kama linastahili. Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, likatengenezwa, likawa makao ya serikali ya kikoloni, kisha jengo la chama, kisha makumbusho. Kipande cha roshani zake kilianguka mwaka 2012, likafungwa kwa umma. Fedha za ukarabati zilipatikana kutoka serikali ya Oman, kazi ikaanza, na tarehe 25 Disemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka. Mafundi wawili walifariki. Nilikuwa Uingereza, na niliitazama video ile mara nyingi kuliko inavyofaa. Sina nia ya kuhukumu kazi ambayo si fani yangu. Ninachokiona mimi kama mtu wa historia ni miaka minane kati ya tarehe mbili hizo, ambamo mapenzi ya watu wote, hadhi ya UNESCO na fedha za dola havikuweza kuchukua nafasi ya mtu mmoja mwenye ngazi na ndoo.

Huo ulikuwa pia wito wa William Morris na wenzake walipoanzisha chama chao cha kulinda majengo ya kale London mwaka 1877, miaka sita kabla Barghash hajamaliza kasri lake: matunzo ya kila siku yatangulie, ukarabati mkubwa uogopwe. Nilipousoma ule waraka wao nikiwa mwanafunzi wa uzamivu niliuona kama hekima ya Kizungu. Leo nauona kama kanuni ya wakfu iliyokosa mfuko.

Mfuko nilikuja kuuona Oman. Nilikwenda kuwasalimia ndugu wa Maskati, na mmoja wao akanichukua hadi ngome ya Bahla. Ngome ile ya udongo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini. Haikutoka humo mpaka mwaka 2004, baada ya mbinu za mwanzo za ukarabati kuonekana hazilifai jengo la udongo, kisa ambacho mwana wa mpiga lipu wa mwaka 1986 hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa falaj, mfereji wa maji wa kijiji tulichopumzika. Mifereji mitano ya namna hii imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na mingine kwa maelfu bado inanywesha mitende. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na zamu hurithiwa, huuzwa na kugawanyika kati ya warithi kwa hesabu ngumu kuliko ya kadhi wetu. Hata hivyo katika mifereji mingi zipo zamu ambazo si za mtu. Ni za falaj yenyewe. Hunadiwa, na fedha zake hulipia kuzibua na kuziba. Warithi wanaweza kugombana wapendavyo. Mfereji una riziki yake.

Niliporudi nilimwandikia mtoto wa ami yangu. Nilimwambia kwanza habari ya lipu ya baba. Kisha nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi kuliko majibu yetu yote, na kwamba kwa maoni yangu nyumba isiyo na mfuko wa kila mwaka haifai kutengenezwa hata mara moja, kwa sababu fedha zitakazotumika zitakuwa za mazishi. Yetu ina maduka mawili chini. Nilipendekeza kodi ya duka moja iwekwe wakfu kwa ajili ya nyumba yenyewe, isigawanywe kwa yeyote mpaka chokaa ya mwaka ilipwe, na hati iandikwe sasa, kabla warithi 23 hawajawa 60.

Toronto walikubali haraka; wao, kwa dhana yangu, walikwisha kuihesabu nyumba kama kumbukumbu. Maskati walitaka kujua kwa nini duka moja na si yote mawili. Aliyepinga ni Shangazi. Alisema anachoka kusikia watu walioikimbia nyumba wakiipangia chokaa, na kwamba ana miaka 78 na anapanda ngazi 22 kwenda chooni. Kama duka litakuwa wakfu, basi fedha ya kwanza ijenge choo chini, chenye bomba lililopita nje ya ukuta, kisha tufanye tupendavyo. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo na shahada zangu, aliyekuwa amewahi kuuliza choo kiko wapi.

Choo kimejengwa. Saruji ya ukuta wa nyuma imekwanguliwa yote, na boriti tisa kati ya kumi na moja zimebadilishwa. Chokaa imo shimoni, Shangazi huifunika kwa gunia. Hati ya wakfu ina saini 19. Mtoto wa ami yangu wa Leicester hajatia yake; ameomba risiti za boriti, nami nimemtumia.